Jua na Mwezi: nani huvuta zaidi maji ya Lamu?

Swali: Mwalimu, assalaam aleikum. Mimi ni kijana wa Matondoni, Lamu, na baba yangu ni mvuvi. Shuleni tulifunzwa kwamba Jua ni zito kuliko sayari zote zikiwekwa pamoja, na ndilo lenye mvuto mkubwa kuliko vyote vilivyo karibu nasi. Nilipomweleza baba akaniuliza, "Kama ni hivyo, mbona bamvua hufuata Mwezi?" Nikakosa la kusema. Tena, kama Jua lina nguvu hizo, mbona halitunyang'anyi Mwezi? Na je, kuna kitu kizito kulishinda Jua?

Jibu: Wa aleikum salaam, mwanangu. Nimefundisha fizikia hapa Malindi miaka mingi, na wanafunzi walioniuliza swali hili la baba yako ni wa kuhesabu kwa vidole. Nisalimie sana. Yeye hakukosea, na walimu wako hawakukosea. Jua linaivuta Dunia kwa nguvu mara 178 kuliko Mwezi unavyoivuta. Na bamvua, yale maji yanayojaa na kupwa kuliko siku nyingine, huufuata Mwezi. Yote mawili ni kweli kwa pamoja, na nitakuonyesha vipi.

Kwanza tupime mizigo yenyewe. Chukua mchele. Kilo moja ina punje kama 50,000, kutegemea mchele wenyewe. Tuseme Dunia nzima, na bahari zake na milima yake, ni punje moja. Mshtarii, sayari kubwa kuliko zote, utakuwa punje 318. Zohali punje 95. Jumlisha sayari zote nane, kuanzia Utaridi mpaka Neptuni, hufikishi punje 450, na kijiko cha kulia wali kinazibeba zote bila kumwagika. Mwezi haupati hata punje: ivunje punje moja vipande 81 vilivyo sawa, kipande kimoja ndicho Mwezi.

Sasa Jua. Jua ni punje 333,000. Hizo ni zaidi ya kilo sita na nusu, kama pishi mbili na nusu za mchele kando ya kile kijiko kimoja. Ndiyo maana wataalamu husema asilimia 99.86 ya vyote vilivyomo katika ukoo wa Jua ni Jua lenyewe, na sisi wengine wote tunagawana kilichobaki. Ukilipambanisha na Mwezi peke yake, Jua ni zito mara milioni 27.

Nimesema "zito" kama tunavyosema barazani, ila kuna jambo hapa la kutenganisha, na mizani ya samaki italionyesha vizuri. Mchukue nguru wa kilo sita. Kuna mizani ya mawe, ile yenye sahani mbili: samaki huku, mawe kule, mpaka zisimame sawa. Na kuna mizani ya kuning'iniza, yenye springi ndani na mshale unaoshuka. Ukimpeleka nguru wako Mwezini, mizani ya mawe itasema kilo sita vilevile, kwa sababu samaki na mawe wote wamepungukiwa na mvuto kwa kiasi kimoja. Ile ya springi itasema kilo moja. Mizani ya mawe inapima tungamo, yaani wingi wa kitu chenyewe, na huo hauhami popote uendapo. Springi inapima uzito, yaani jinsi kitu kinavyovutwa mahali hapo.

Twende naye mbele na mizani ya springi. Mirihi itaonyesha kilo mbili na robo. Juu ya mawingu ya Mshtarii, maana kule hakuna ardhi ya kukanyaga, kilo 15. Na kama pangekuwa na mahali pa kusimama juu ya uso wa Jua bila kuungua, mizani ingesoma kilo 168.

Hapo nataka usimame kidogo. Jua lina tungamo mara 333,000 ya Dunia, na samaki ameongezeka uzito mara 28 tu! Nguvu nyingine imekwenda wapi? Imeliwa na umbali. Jua ni pana mara 109 kuliko Dunia, kwa hiyo aliye juu ya uso wake yuko kilomita 696,000 kutoka kitovuni. Na kanuni ya mvutano, aliyoiandika Newton mwaka 1687, inasema hivi: umbali ukiongezeka mara mbili, nguvu inapungua mara nne; ukiongezeka mara tatu, inapungua mara tisa. Unazidisha umbali kwa umbali, kisha unagawa. Zidisha 109 kwa 109, unapata karibu 11,900. Gawa 333,000 kwa hiyo, inatoka 28. Zohali ni mfano unaonipendeza zaidi: tungamo lake ni la Dunia 95, lakini juu ya mawingu yake nguru wako angesoma kilo sita na kitu, kama hapa nyumbani, kwa sababu Zohali ni mpana mno na mwepesi wa kiwiliwili.

Kwa hiyo ukisikia kitu ni kizito sana, usikimbilie kusema kinavuta sana. Uliza: kinavuta nini, na kutoka wapi?

Sasa swali la baba. Jua liko kilomita milioni 150 kutoka hapa. Mwezi uko kilomita 384,000 hivi. Jua liko mbali mara 389. Zidisha 389 kwa 389, unapata zaidi ya 151,000. Gawa ile milioni 27 kwa hiyo, inabaki 178. Ndiyo ile 178 niliyoitaja mwanzo. Jua limepoteza sehemu kubwa mno ya nguvu zake njiani, na bado linatuvuta mara 178 kuliko Mwezi. Mvuto huo ndio unaotufanya tulizunguke mwaka mzima.

Lakini maji kujaa na kupwa hakutokani na mvuto wote. Kunatokana na tofauti ya mvuto kati ya upande mmoja wa Dunia na upande wa pili. Hapa ndipo pazito, twende polepole.

Fikiria mashua tatu zimefuatana katika mkondo wa Lamu na Manda, zote zimetweka. Ya mbele ni maji ya bahari yaliyo upande wa Mwezi. Ya kati ni Dunia yenyewe, mwamba na ardhi. Ya nyuma ni maji ya upande wa pili, kule Pasifiki ambako Mwezi hauonekani saa hiyo. Upepo unazisukuma zote upande mmoja, ila ya mbele inapata upepo zaidi kidogo, na ya nyuma inapata pungufu kidogo. Wewe umekaa ya kati. Utaona ya mbele inakutangulia na ya nyuma inabaki. Kwako wewe zote mbili zinakuhama, moja huku, moja kule, ingawa hakuna hata moja inayorudi nyuma. Ndivyo bahari inavyovimba pande mbili za Dunia kwa wakati mmoja, na ndiyo sababu maji hujaa mara mbili kwa siku wala si mara moja. Vijana wengi huniuliza mbona yanajaa hata Mwezi ukiwa chini ya miguu yetu. Jibu ni mashua ya nyuma.

Sasa badilisha upepo. Uwe tufani, lakini uvume sawasawa kwenye mashua zote tatu. Zitakwenda mbio kweli, lakini masafa kati yake hayatabadilika hata pima moja. Aliye ndani ya ile ya kati hataona yeyote akimhama. Jua ni kama tufani hiyo. Linavuta kwa nguvu kubwa, lakini liko mbali sana, kiasi kwamba upana wa Dunia si kitu kwake, na linatuvuta pande zote karibu sawa.

Kwa hesabu ni hivi. Mwezi uko umbali wa nusu vipenyo 60 vya Dunia. Upande wetu wa karibu uko 59, wa mbali 61. Mvuto wa Mwezi kati ya pande hizo unatofautiana kwa karibu asilimia 7. Jua liko umbali wa nusu vipenyo zaidi ya 23,000, na mvuto wake unatofautiana kwa asilimia 0.017 tu. Zidisha hiyo 0.017 kwa zile mara 178: unapata 3. Basi Mwezi 7, Jua 3. Ukipiga hesabu kwa makini zaidi, sehemu ya Jua ni asilimia 46 ya sehemu ya Mwezi, yaani karibu nusu.

Kwa hiyo baba yako ana haki, Mwezi ndio nahodha. Lakini Jua ni baharia wa pili, na bamvua yenyewe ni ushahidi wake. Angalia lini inakuja. Inakuja Mwezi ukiandama, na inakuja tena Mwezi ukiwa kumi na nne, kumi na tano. Siku hizo Jua, Dunia na Mwezi viko karibu mstari mmoja, kwa hiyo 7 na 3 zinajumlishwa. Mwezi ukiwa saba au ishirini na mbili, Jua linavuta ubavuni, 3 inatolewa kwenye 7, na tunapata maji mafu. Kama Jua lisingeshiriki, pasingekuwa na bamvua wala maji mafu. Maji yangejaa karibu kimo kimoja mwezi mzima, yakibadilika tu kwa Mwezi kusogea karibu na kwenda mbali. Kwa hiyo baba akisema bamvua hufuata Mwezi, mwambie kwa adabu kwamba maji kujaa hufuata Mwezi, na ndiyo maana kila siku yanachelewa kama dakika 50. Lakini bamvua hufuata Mwezi na Jua wakiwa pamoja.

Atakuambia pia kwamba bamvua haifiki kilele usiku uleule wa mwezi mpevu, huja siku moja au mbili baadaye. Ni kweli. Bahari ni nzito, ina mwambao, ina vina na miamba, na inachukua muda kuitikia. Hesabu ninayokupa inakueleza nani anavuta na kwa kiasi gani. Saa ya kupita mkondo wa Mkanda kwenda Pate bila kukwama, muulize nahodha, usiniulize mimi.

Kuna jambo la nyongeza linalotuhusu sisi watu wa Lamu na Malindi. Mwezi Machi na mwezi Septemba Jua huwa juu ya Ikweta, na bamvua za miezi hiyo ndizo kubwa za mwaka. Mwezi nao haukai umbali mmoja: ukisogea karibu hufika kama kilomita 363,000, ukienda mbali hupita 405,000. Tofauti hiyo inaonekana ndogo, lakini nguvu ya kujaza maji inafuata umbali mara tatu, yaani umbali kwa umbali kwa umbali, na inatoka ongezeko la karibu asilimia 40. Bamvua ya Septemba ikikutana na Mwezi ulio karibu, anayefunga chombo chake aongeze urefu wa kamba.

Sasa la kunyang'anywa Mwezi, na hapa nitakupa hesabu ambayo mwenyewe ilinikosesha usingizi nilipoifanya mara ya kwanza nikiwa mwanafunzi. Dunia iko mara 389 karibu na Mwezi kuliko Jua lilivyo karibu nao. Gawa 333,000 kwa 389 mara 389. Inatoka 2.2. Yaani Jua linauvuta Mwezi zaidi ya mara mbili ya Dunia inavyouvuta! Nilidhani nimekosea, nikarudia. Sikukosea.

Mbona basi hauondoki? Kwa sababu Jua linaivuta na Dunia pia, kwa kiasi kilekile, na zote mbili zinaanguka kulizunguka kwa pamoja. Rudi kwenye mashua. Tufani inasukuma mashua mbili zilizofungwa kamba moja: haiikati kamba kwa sababu zote zinakwenda mbio sawa. Kinachoweza kuikata ni tofauti tu, na tofauti ya Jua kati ya Dunia na Mwezi ni ndogo kuliko mvuto wa Dunia juu ya Mwezi. Himaya hiyo ya Dunia ina mpaka: ni kama kilomita milioni 1.5 kila upande. Mwezi uko ndani kabisa. Kitu kikipita mpaka huo, Jua linakichukua kiwe chake.

Ukichora njia ya Mwezi kulizunguka Jua kwa vipimo vya kweli, hutaona ukijipinda vitanzi kama tunavyochorewa vitabuni. Utaona njia inayopinda kuelekea Jua siku zote, ikiwa imekaribiana na ya Dunia, ikipishana nayo polepole. Kwa hiyo Mwezi ni wetu, lakini Jua ndilo linalotuongoza sote wawili.

Huenda ukajiuliza nani alilipima Jua. Wewe unaweza, kwa kalamu, usiku wa leo. Kinachozungukwa kinapimwa kwa mwendo wa kinachokizunguka. Mwezi unaizunguka Dunia kwa siku 27.3 ukipimwa kwa nyota. Dunia inalizunguka Jua kwa siku 365.25, ambazo ni mara 13.4. Chukua 389, zidisha kwa 389, kisha kwa 389 tena. Gawa kwa 13.4, kisha kwa 13.4 tena. Utapata karibu 330,000. Imepungua kidogo kwa ile 333,000 hasa kwa sababu katika hesabu hii Dunia na Mwezi vimepimwa pamoja kama mzigo mmoja. Hizo ni mara ngapi Jua linaizidi Dunia. Kujua Dunia yenyewe ina kilo ngapi ilikuwa kazi nyingine, na Mwingereza Henry Cavendish aliifanya mwaka 1798, kwa kupima jinsi mipira mikubwa ya madini ya risasi ilivyoivuta midogo ndani ya chumba kilichofungwa. Mvuto mdogo kiasi kile, na ndio uliotupa tungamo la Jua.

Na vizito kulishinda Jua? Vipo vingi mno. Kati ya nyota, Jua ni la kadiri tu. Nyingi ni nyepesi kuliko lenyewe. Ile iliyo jirani yetu kuliko zote, Proxima Centauri, ina kama sehemu moja ya nane ya tungamo la Jua. Sirius, nyota inayong'aa kuliko zote usiku, ina tungamo la Majua mawili hivi. Ubavuni mwake ina mwenzake ambayo hutaiona kwa macho: ina tungamo kama la Jua lakini imejikunja ikawa na ukubwa kama wa Dunia. Mpeleke nguru wako pale. Kwa kuwa kitovu kiko karibu, mizani ya springi ingesoma zaidi ya tani 2,000. Tungamo lilelile la Jua, umbali mwingine, na kilo 168 zimekuwa hizo.

Ukiendelea kulikunja Jua zaidi, mpaka liwe na nusu kipenyo cha kilomita 3, linakuwa shimo jeusi na mwanga hautoki tena. Watu hudhani likiwa hivyo lingetufyonza. Halingetufyonza. Tungamo ni lilelile na umbali wetu ni uleule, kwa hiyo Dunia ingeendelea kuzunguka kama jana. Tungekufa kwa giza na baridi, lakini njia yetu isingebadilika, na maji yangejaa na kupwa vilevile.

Hapa lazima nikutajie Ngomeni, maana ni jirani zangu, na vijana wengi wa pwani hawajui. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, kutoka jukwaa la San Marco lililosimama baharini mbele ya Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, ilirushwa setilaiti ya Marekani iliyopewa jina la Kiswahili, Uhuru. Ilikuwa setilaiti ya kwanza kutengenezwa mahsusi kutazama eksirei za angani. Miongoni mwa vitu ilivyovichunguza ni Cygnus X-1, ambacho eksirei zake zilikuwa zikibadilika haraka mno. Kutokana na kazi hiyo na ya darubini zilizofuata, kikawa cha kwanza kukubaliwa na wataalamu wengi kuwa ni shimo jeusi. Leo kinakadiriwa kuwa na tungamo la Majua 21. Na katikati ya galaksi yetu, lile kundi kubwa la nyota tulimo, kuna jingine lenye tungamo la Majua zaidi ya milioni 4. Lakini liko umbali ambao mwanga huchukua zaidi ya miaka 26,000 kuuvuka, kwa hiyo mvuto wake juu ya bahari yetu si wa kuhesabiwa. Mwezi, kile kipande cha punje, unalishinda.

Baba yako ni mtu wa kuona kwa macho, kwa hiyo fanyeni hivi. Chomekeni boriti ya mkoko pale maji yanapofika wakati wote, hata yakipwa, na muipige alama kila vidole kumi. Bamvua inapokuwa kilele, pimeni kutoka maji yalipopwa hadi yalipojaa. Wiki moja baadaye, katika maji mafu, pimeni tena. Chukueni kipimo cha kwanza mtoe cha pili. Kisha vijumlisheni vyote viwili. Gawa ile tofauti kwa jumla. Kwa mfano, mkipata mita 3 na mita 1.1, tofauti ni 1.9, jumla ni 4.1, na jibu ni 0.46. Hiyo ndiyo sehemu ya Jua kwa kila moja ya Mwezi. Yenu inaweza kupanda au kushuka kidogo, kwa jinsi mkondo wa Matondoni ulivyokaa na Mwezi ulivyo karibu wiki hiyo. Basi rudieni miezi miwili mitatu, mpate wastani, kisha mniandikie.